UZI: ThinkPad, EliteBook, Latitude ama MacBook: mwili upi unahimili kazi ya Nairobi?

Skrubu_Ndogo (mwanzisha uzi)

Habari zenu wote. Maswali ya laptopu za ex-UK (zilizotumika Uingereza kisha zikaletwa huku) hapa huishia kwa i5 ama i7, RAM ngapi, SSD ya ukubwa gani. Kwa mashine nyingi za ofisi, RAM na SSD utaongeza ukipata pesa. Bawaba, tundu la chaji, kibodi na jinsi mashine inavyofunguka fundi akishika bisibisi, hayo umeyanunua jinsi yalivyo. Ndiyo maana nataka uzi huu ushughulike na mwili wa mashine peke yake.

Nimechagua nne ambazo ukishuka Moi Avenue ama Luthuli hutazikosa: ThinkPad T480 (Lenovo), EliteBook 840 G5 (HP), Latitude 7490 (Dell) na MacBook Air M1 (Apple). Tatu za kwanza ni za 2018 na nyingi zina prosesa za Intel za kizazi cha 8. Sishuki chini ya hapo kwa sababu Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi hicho, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. EliteBook 840 G3 ina mwili mzuri sana, lakini prosesa yake ya kizazi cha 6 imeachwa nje. Anayetumia Linux anaweza kuinunua bila wasiwasi. Air M1 ilitoka Novemba 2020.

Uzito: Air ni kilo 1.29, Latitude kama 1.4, EliteBook kama 1.5, na T480 inakaribia 1.6 ikiwa na betri ndogo. Ukiipa betri kubwa ya nyuma utausikia huo uzito mabegani ukiwa umesimama kwenye matatu ya Thika Road.

Ndani, hizo tatu za 2018 zina nafasi mbili za RAM na SSD inayotoka. Kwenye Air, RAM na hifadhi vyote vimelehemewa kwenye bodi. Ukinunua ya GB 8, itabaki ya GB 8.

Kuifungua T480 ni hivi. Washa, bonyeza F1 uingie BIOS (menyu ya mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), nenda Config, kisha Power, chagua Disable Built-in Battery. Mashine itajizima. Toa betri ya nyuma. Legeza skrubu sita za chini. Hizo hazitoki kabisa, zinabaki kwenye mfuniko, kwa hivyo hakuna ya kupotea. Pitisha kadi ya plastiki kwenye mshono pole pole. Zinazovunjika hapa ni klipu zilizo karibu na matundu ya pembeni, na huvunjika kwa sababu mtu amevuta upande mmoja kwa nguvu badala ya kuzunguka na kadi. Usitumie bisibisi ya bapa, itauma plastiki na mfuniko hautafunga sawasawa tena.

Latitude na EliteBook nazo hufunguka kwa mfuniko mmoja wa chini. Air ina skrubu 10 za P5, zile zenye umbo la nyota ya ncha tano, na hazilingani urefu. Chora mfuniko kwenye karatasi na uchomeke kila skrubu mahali pake. Ndefu ikiingia shimo la fupi inaweza kutoboa kilicho chini yake.

Kwa kifupi msimamo wangu: T480 kwanza, 840 G5 ya pili, Latitude inafuata kwa karibu, Air ni habari tofauti. Anayepinga aje na sababu.

DadaWaSolda

Sipingi mpangilio, ila naomba tuanze na bawaba. Hapo ndipo mashine za ofisi zinapoachana na zile za nyumbani zinazouzwa mpya kwa bei hiyo hiyo.

Fungua laptopu ya bei nafuu uangalie pale bawaba inaposhikana na mwili. Utaona vijinguzo vya plastiki, na ndani ya kila kijinguzo kinati kidogo cha shaba kilichosukumwa kikiwa moto. Skrubu inashika shaba, shaba inashika plastiki, na plastiki ndiyo inabeba nguvu yote ya kufungua na kufunga. Grisi ya bawaba ikikauka, bawaba inakuwa ngumu. Mwenye mashine anainua skrini kwa kona moja, upande huo unapata nguvu maradufu, na siku moja kinati kinang'oka na kipande cha plastiki kikiwa bado kimekizunguka. Dalili ya kwanza ni fremu ya skrini kuachana kidogo kwenye kona ya chini unapofungua. Ukiendelea kuifungua hivyo, bawaba inainua mfuniko wa chini, na waya wa skrini unaopita hapo hapo unaanza kukatika.

Ukiwahi mapema inatengenezeka, na utaratibu ni huu. Toa bawaba kabisa. Kusanya vinati vyote na vipande vya plastiki. Kwaruza sehemu ya kushika kwa msasa, ifute kwa spiriti ya isopropili, iache ikauke. Changanya epoksi ya sehemu mbili, nusu kwa nusu. Usitumie ya dakika tano, chukua ile inayokauka kwa saa nyingi, ina nguvu zaidi. Paka mafuta kidogo kwenye skrubu, ifunge ndani ya kinati ili epoksi isiingie kwenye nyuzi, kisha kaza kinati mahali pake kwa epoksi. Acha saa 24. Kabla ya kurudisha, legeza nati ya bawaba yenyewe robo mzunguko. Watu huisahau hatua hii. Usipoipunguzia bawaba ugumu, epoksi itang'oka kama plastiki ilivyong'oka, na safari hii itaondoka na kipande kikubwa zaidi.

Supagluu peke yake haifai hapo. Inakauka kama kioo na kupasuka kwa mtikisiko.

Sasa linganisha na T480: mikono ya bawaba ni mipana na nguvu imesambazwa kwenye fremu badala ya vijinguzo viwili vitatu. Skrini inalala hadi digrii 180, kwa hivyo hata ikisukumwa nyuma haikuti ukuta wa kuivunja. 840 G5 ni alumini, na skrubu zake zinashika chuma. Hiyo ndiyo tofauti unayoilipia.

ChumaNaPlastiki

Hapo kwa "alumini" nataka kuweka sawa jambo moja, kwa sababu madukani neno chuma limegeuzwa kuwa dhamana.

Alumini ikigongwa inabonyea na kubaki imebonyea. Kona ya EliteBook ama MacBook ikianguka kwenye sakafu ya terazo, pale ilipobonyea panaweza kuziba tundu la USB ama kusukuma ukingo wa skrini. Plastiki iliyochanganywa na nyuzi za glasi, kama iliyotumika kwenye ThinkPad nyingi za T, inajipinda na kurudi. Ikizidiwa inapasuka, lakini inavumilia mengi kabla ya kufika hapo. Kwa mkono inaonekana rahisi, nao wauzaji wanapenda kugonga mfuniko kwa kucha ili usikie mlio wa chuma. Mlio huo hauna maana yoyote.

Hata ile MIL-STD-810 wanayoitaja isomeni vizuri. Ni kiwango cha jeshi la Marekani kinachoeleza namna ya kupima vifaa: kuanguka, mtikisiko, vumbi, joto, unyevu. Hakuna ofisi inayotoa cheti. Mtengenezaji anachagua vipimo gani afanye na kwa kiasi gani. Laptopu mbili zenye alama hiyo hiyo zinaweza kuwa zimepitia mambo tofauti kabisa.

Kuna jambo lingine la mwili wa chuma linaloletwa na soketi zetu. Ukiwa unachaji MacBook ama EliteBook na ukipitisha mkono juu ya mfuniko, unasikia kama unawashwa, kama mtetemo mwepesi. Chaja ya aina hii huvujisha umeme mdogo sana kupitia kapasita za kuzuia kelele, nao unatakiwa kushuka kwenye waya wa ardhi. Kichwa kidogo cha chaja ya Apple hakina ardhi. Waya mrefu wa pini tatu unayo. Ukitumia huo na bado unawashwa, tatizo ni soketi ama ekstensheni: pini ya ardhi ipo kwa nje lakini ndani haijaunganishwa. Itisha fundi wa umeme aipime. Si hitilafu ya laptopu, na kuibadilisha hakutasaidia.

Mwili wa plastiki hautakuambia hilo, lakini soketi mbovu itabaki kuwa mbovu.

MtuWaAir

Ndugu Skrubu, umeiweka Air pembeni upesi mno. Kuna mambo matatu ambayo mwili wake unayafanya vizuri kuliko hizo tatu.

Kwanza, haina feni. Hakuna tundu la kuvuta hewa, kwa hivyo vumbi la barabara zinazochimbwa halina njia ya kuingia kwa wingi. Joto linatoka kupitia mwili wenyewe. Kazi nzito ya muda mrefu, kama kutoa video ya saa nzima, itaipunguza kasi. Kazi za ofisi haitazihisi.

Pili, matundu yake mawili ya USB-C yako kwenye kipande kidogo cha bodi cha pembeni kinachotoka. Tundu likichoka unabadilisha kipande hicho bila kugusa bodi kuu. T480 mnayoisifu imelehemewa matundu yake kwenye bodi kuu.

Tatu, ugumu. Ishike kwa kona moja na uinue, haipigi kelele wala kujipinda.

Mapungufu yake nayajua. Kibodi ya kuandikia imeshikiliwa kwa ribiti kwenye sehemu ya juu ya mwili, kwa hivyo ikiharibika unabadilisha sehemu yote hiyo. Na msinunue zile MacBook za 2015 hadi 2019 zenye vitufe vya mtindo wa kipepeo kwa sababu tu bei imeshuka. Punje moja ya vumbi chini ya kitufe inatosha kukifanya kirudie herufi ama kisijibu. Apple yenyewe ilifungua mpango wa kuzitengeneza bure Juni 2018, na kibodi ya kawaida ikarudi kwenye Air Machi 2020. M1 iko upande salama.

Jambo moja linalovunja skrini za Air hapa mjini ni vile vibandiko vya kufunika kamera. Skrini ikifungwa, nafasi kati yake na kibodi ni ndogo sana. Apple walitoa onyo mwaka 2020: kama ni lazima kufunika, kifuniko kisizidi unene wa milimita 0.1, yaani karatasi ya kawaida ya printa. Kile cha plastiki kinachoteleza kina unene mara kadhaa ya huo. Ukifunga laptopu na kuibana ndani ya begi, nguvu yote inakuja pale kamera ilipo na kioo kinapasuka kuanzia hapo. Punje ya mchanga juu ya kibodi nayo inatosha. Futa kabla ya kufunga.

Skrubu_Ndogo

@MtuWaAir, hoja ya matundu nimeikubali na ni ya haki. Tuiendeleze, kwa sababu tundu la chaji ndilo linaloua mashine nyingi nzima.

T480 inachaji kwa USB-C pekee. T470 iliyoitangulia ilikuwa pia na tundu la mstatili la chaja ya zamani, kwa hivyo moja likifa unahamia lingine. Latitude 7490 inakupa tundu la duara pamoja na USB-C, na hata 840 G5 ni hivyo. Kwenye Latitude lile tundu la duara ni kipande chenye waya wake, kinachomekwa kwenye bodi. Linabadilishwa bila solda. Kwa upande huo Latitude inaishinda T480 waziwazi.

Lakini tundu la duara la Dell lina sindano nyembamba katikati, na ndiyo inayoiambia mashine chaja ni ya wati ngapi. Sindano ikipinda ama waya wake ukikatika, mashine inawaka na kuleta ujumbe kwamba haiitambui chaja. Inaendelea kufanya kazi, ila betri haijazi na prosesa inashushwa kasi. Watu wanakimbilia kununua betri mpya. Jaribu kwanza chaja nyingine halisi. Ikikubali, tatizo lilikuwa waya. Ikikataa, badilisha tundu kabla ya kufikiria betri.

T480 ina ugonjwa wa pekee ambao si wa mwili lakini unajifanya wa mwili. Programu ya ndani (firmware) ya chipu ya Thunderbolt, teknolojia ya kasi ya USB-C, ilikuwa na kasoro: iliandika kumbukumbu zake ndani ya chipu mara kwa mara hadi ikaichakaza. Dalili ni USB-C kukosa kutambua vitu, HDMI kukataa kutoa picha ama chaji kusuasua. Lenovo walitoa toleo la kurekebisha. Ukinunua T480, kazi ya siku ya kwanza ni kuweka sasisho la firmware ya Thunderbolt kutoka tovuti yao, ukiwa umechomeka chaja na betri imejaa. Ikiwa imeshakufa, fundi mwenye programa ya CH341A (kifaa kidogo cha kuandikia chipu) anaweza kuiandika upya chipu hiyo. Usikubali kuambiwa ubadilishe bodi kabla hilo halijajaribiwa.

Kuhusu matundu yaliyolehemewa: ukiwa dukani chomeka waya, usikie unavyobana, kisha usukume juu na chini taratibu huku ukitazama alama ya chaji. Ikiwaka na kuzima, iache hapo.

DadaWaSolda

Naongeza kwa hapo. Kabla ya kusema tundu limekufa, angalia ndani kwa tochi. Nyuzi za begi na vumbi hushindiliwa chini kabisa, na kichwa hakifiki mwisho. Zima mashine, toa chaja, toa betri ya nyuma kama ipo, kisha chokoa kwa kijiti cha meno cha mbao. Pini ya chuma itaunganisha njia mbili za umeme, na hapo utakuwa umenunua kazi nyingine.

KibodiKavu

Mimi ni wa kibodi na chai.

Kibodi ya T480 ina mifereji ya kupitisha maji hadi matundu ya chini ya mwili. Yanasaidia maji. Chai ya maziwa yenye sukari ni shida nyingine: inapita, halafu inaacha utando unaonata unaopitisha umeme na kula chuma polepole. Mashine inaweza kufanya kazi wiki mbili, kisha vitufe vinaanza kufa mstari mmoja mmoja.

Ikimwagika, chomoa chaja na ubonyeze kitufe cha kuwasha sekunde kumi bila kungoja kuhifadhi kazi. Kwenye T480 ng'oa betri ya nyuma, kisha chomeka ncha ya klipu ya karatasi kwenye kitundu kidogo cha dharura chini ya mashine. Hicho kinakata umeme wa betri ya ndani kwa muda. Ifungue kama hema na uigeuze juu chini juu ya taulo ili maji yarudi yalikotoka badala ya kuzama kwenye bodi. Halafu ifunguliwe siku hiyo hiyo, isafishwe kwa isopropili ya asilimia 99 na brashi laini. Mchele hauvuti sukari. Kikausha nywele kinasukuma unyevu ndani zaidi na kupinda vitufe.

Kibodi yenyewe ikifa, kwenye T480 inatoka kwa juu: skrubu mbili za chini, kisha fremu nyembamba inayoizunguka, kisha skrubu za juu, kisha waya bapa. Waya bapa unafunguliwa kwa kuinua kishikizo chake, usivute kwa nguvu. Bodi kuu haiguswi. Kwenye Latitude 7490 unaifikia kutoka chini baada ya kutoa bodi kuu, kwa hivyo gharama ya fundi lazima ipande hata kama bei ya kibodi ni sawa. Muulizeni fundi wenu bei ya kazi kabla ya kuuliza bei ya kifaa.

Na mtazame mpangilio wa herufi. Mashine za Uingereza zina Enter ndefu yenye umbo la L iliyogeuzwa na alama ya pauni juu ya 3. Za Marekani zina Enter ya mstari mmoja. Zikitoka Ufaransa utakuta AZERTY, Ujerumani QWERTZ, na duka limebandika vibandiko juu. Vibandiko vinachubuka. Fremu ya Enter ndefu haipokei kibodi ya Kimarekani kwa kila modeli, kwa hivyo agiza kibodi ya mpangilio ule ule uliokuwepo.

Mgeni_Ngara

Wakubwa shikamooni. Nanunua ya chuo, bajeti inafika 840 G5 ama T480. Sina fundi wa kwenda naye. Nikifika dukani nifanye nini ndani ya dakika kumi?

ChumaNaPlastiki

Marahaba. Anza ikiwa imezimwa. Ilaze juu ya kioo cha kaunta: ikiyumba, mwili umepinda ama mguu wa mpira haupo. Tazama vichwa vya skrubu za chini. Vilivyochubuka vinamaanisha imefunguliwa na mtu asiye na bisibisi sahihi. Angalia kama padi ya kugusa imeinuka ama mfuniko wa chini umevimba katikati. Hiyo ni betri imefura, rudisha na usiibonyeze. Kama mfuniko umepigwa rangi ama karatasi ya kubandika, pitisha kucha ukingoni na kwenye kona. Rangi huficha nyufa, na mara nyingi utaikuta imeingia hadi ndani ya matundu ya USB.

Fungua skrini kwa kidole kimoja katikati. Iende laini, isilie, isiinue mwili. Iache digrii 45, ikae bila kuanguka. Shika kona ya mbele uinue mashine, sikiliza.

Sasa washa. Skrini iwe 1920 kwa 1080. Kuna T480 zilizotoka na skrini ya 1366 kwa 768, ambayo ukiitazama kutoka juu ama chini rangi zinageuka. Hiyo ombea punguzo ama uiache. Kwenye 840 G5, kama picha ni hafifu na inafifia ukisogea pembeni, bonyeza F2: inaweza kuwa na skrini ya faragha ya Sure View. Ukiizima inakuwa bora, lakini haifikii skrini ya kawaida, kwa hivyo chagua isiyo nayo.

Fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport. Itakuambia faili imehifadhiwa wapi. Ndani yake linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Chini ya asilimia 70, hesabu bei ya betri mpya ndani ya bei unayolipa. Kwenye PowerShell andika Get-CimInstance Win32_BIOS na ulinganishe namba ya utambulisho (serial number) na ile iliyoandikwa chini ya mashine. Zisipolingana, umeuziwa mwili wa mashine moja na bodi ya nyingine.

Mwisho ingia BIOS. Ikidai nenosiri, ondoka. Kwenye ThinkPad nenosiri la msimamizi halifutiki kwa kutoa betri ndogo ya saa.

Skrubu_Ndogo

Kati ya hizo mbili, Mgeni, kama utakuwa karibu na soketi muda mwingi, chukua 840 G5 kwa yale matundu mawili ya chaji. Kama stima hukatika kwenu na unasoma usiku, T480 kwa sababu ya betri ya nyuma.

Wa_Kiambu_Road

Hakuna aliyegusa joto. Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi, kama asilimia 80 ya uzito wa hewa ya Mombasa. Feni ile ile ikizunguka kasi ile ile inasukuma hewa yenye uzito mdogo zaidi, kwa hivyo inabeba joto kidogo. Watengenezaji wanaruhusu matumizi hadi mita 3,048, kwa hivyo hakuna hatari, lakini kwa hewa yenye joto lile lile, feni huku juu italazimika kuzunguka zaidi. Ongeza vumbi na pesti ya kupitisha joto kati ya chipu na kipoza joto, iliyokauka tangu 2018, upate T480 inayopiga kelele ukifungua tu kivinjari.

Vumbi halikai kwenye feni. Linakusanyika kama kipande cha blanketi kati ya feni na mapezi ya shaba. Ukipuliza kutoka nje unalirudisha ndani ya feni. Fungua mfuniko, zuia feni isizunguke kwa kijiti, pulizia kutoka upande wa mapezi kuja ndani, na utoe kile kipande kwa kibano. Kisha legeza kipoza joto kwa kufuata namba zilizochongwa kando ya skrubu, kutoka ya mwisho kurudi ya kwanza. Futa pesti ya zamani kwa isopropili hadi chipu ing'ae. Weka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele. Kaza 1, 2, 3, 4, kila moja nusu kwanza, kisha rudia. Ukikaza moja hadi mwisho kabla ya zingine, kipoza joto kinakaa upande na joto linapanda kuliko mwanzo.

Mgeni_Ngara

Asanteni sana. Nimeelekea kwa T480. Hiyo betri ya nyuma, nitajuaje nimepewa kubwa?

Skrubu_Ndogo

Soma maandishi kwenye betri yenyewe. Iliyoandikwa 61 ni ya Wh 24 na inakaa bapa sawa na mwili. 61+ ni ya Wh 48 na 61++ ni ya Wh 72. Hizo mbili zinachomoza chini na kuinua mashine kwa nyuma. Ndani kuna nyingine ya Wh 24, kwa hivyo kwenye ile ripoti ya betri lazima uone mbili. Ukiona moja tu, ya ndani imekufa ama waya wake umechomolewa. Betri za T470 zenye namba hizo hizo zinaingia. Ukifika nyumbani weka Lenovo Vantage, washa kikomo cha chaji, ianze ikishuka 75 na ikome 80 siku unazoshinda kwenye soketi.